Binti Hataki Kula: Miaka 150 ya Madaktari Kubishana, na Mama wa Singida Anapoingia

Shuka stendi ya Misuna pale Singida mjini baada ya miaka miwili Dar, usubiri salamu ya shangazi. Habari za kazi zitakuja baadaye. Kwanza atakutazama juu mpaka chini, kisha atatoa hukumu: "Umenenepa mwanangu, mjini kumekukubali!" au "Mbona umekonda hivyo, unaumwa?" Ya kwanza ni sifa. Ya pili ni kesi, na itamfikia bibi kule Ilongero kabla chai haijapoa.

Hukumu hiyo haikutoka hewani. Singida ni nchi kame ya kati, nchi ya mtama, uwele na alizeti, na mvua ikigoma watu wanajua maana yake. Upande wa Manyoni, kwa Wagogo, na Ugogo yote hadi Dodoma, wazee walisimuliwa na wazee wao habari za Mtunya, njaa iliyokuja mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, kati ya 1917 na 1920. Jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Waingereza walipoingia, nao wakachukua. Kisha mvua ikakosekana, na homa ya mafua ya 1918 ikamalizia. Katika wilaya ya Dodoma ya wakati ule inakadiriwa watu 30,000 walikufa kati ya 150,000. Watu waliopita hapo huwezi kuwaonyesha mwili wa mifupa ukawaambia hiyo ni figa nzuri.

Halafu ikaja 1983. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini wakagunduliwa Kagera, na jirani zao Waganda wakaupa ugonjwa jina la kukonda kwenyewe, Slim. Kwa miaka mingi iliyofuata, mtu aliyepungua ghafla hakuulizwa anaumwa nini. Watu walishajijibu.

Juu ya hayo mawili ndipo likaja la tatu: kimodo. Miss Tanzania ilifanyika 1967, ikapigwa marufuku, ikarudi 1994, na nyuma yake zikaja video za muziki, magazeti ya picha, kisha simu ya kila mtu mkononi. Leo binti wa kidato cha pili Kiomboi anaweza kusifiwa na wenzake asubuhi kwamba ana shepu ya kimodo, na jioni mama yake akamuuliza kama ana minyoo.

Sasa kuna binti ambaye hadithi zote tatu hazimweleweshi mtu. Chakula nyumbani kipo. Malaria hana, vipimo vya virusi viko safi, dawa ya minyoo kameza, na bado anapungua. Tonge analizungusha kwenye mlenda mpaka wenzake wanamaliza. Anasema ameshakula kwa rafiki yake. Anavaa sweta mchana wa jua kali kwa sababu mwili hauna joto. Siku zake za mwezi zimekatika, nywele zinadondoka, na jambo la ajabu ni kwamba jikoni hatoki: anapika, anawapakulia wadogo zake, anahesabu kila kijiko, yeye mwenyewe haonji. Ukimwambia amekonda anaona unamwonea wivu, au anaona bado hajakonda vya kutosha.

Ugonjwa huo una jina tangu 1873: anoreksia nevosa. Jina lenyewe linapotosha, maana linasema mgonjwa hana hamu ya chakula, wakati wengi wao njaa wanaisikia sana tu. Ni ugonjwa wa akili, na ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi, ama moyo unashindwa ama mgonjwa anajitoa uhai. Wavulana wanaupata pia, ila wasichana ndio wengi, na mara nyingi huanza katika umri wa sekondari.

"Hayo si ya Wazungu?" Swali hilo halikwepeki, na kwa muda mrefu hata madaktari walijibu ndiyo. Kwenye 1984 jarida moja la magonjwa ya akili la Uingereza lilichapisha habari za mwanamke mweusi wa Zimbabwe mwenye anoreksia, na mgonjwa mmoja tu alitosha kuandikiwa makala, kwa jinsi jambo lilivyoonekana geni. Mwaka 2004 madaktari wa Kenya nao walichapisha walichokusanya kwa wenzao nchini humo: wagonjwa wa namna hiyo walikuwa wameonekana, ila wachache sana. Miaka mitatu baadaye ukatoka utafiti wa Dar es Salaam, wanawake zaidi ya 200 walioulizwa kuhusu ulaji na miili yao. Dalili zilikuwapo. Zilikuwa chache kuliko za Ulaya na Marekani, na zilikuwa nyingi zaidi kwa wale waliokutana sana na vyombo vya habari vya nje.

Lakini utafiti unaoihusu Singida kwa karibu zaidi ulifanyika mbali, kaskazini mashariki mwa Ghana, nao ulichapishwa 2004. Wasichana 668 wa shule mbili za sekondari walipimwa. Miongoni mwa wale waliokuwa wembamba kupita kiasi, kumi hawakuwa na ugonjwa wowote mwingine: walikuwa wanajinyima wenyewe. Walipoulizwa kwa nini, hakuna aliyesema anaogopa unene. Hakuna aliyetaja kimodo. Walizungumza dini: kufunga, kujitawala, kujitakasa. Mwalimu anaona binti mcha Mungu, mchungaji anaona mwombaji hodari, na kwaya nzima inamtolea mfano. Kwa mkoa wenye makanisa na misikiti kila kona, hilo ni jambo la mzazi kulijua. Kufunga kwa imani kuna mwisho wake, jua likizama au siku zikitimia mtu anakula na kufurahi. Huyu jua likizama anatafuta sababu nyingine.

Basi tiba ni ipi? Hapa ndipo madaktari wamebishana miaka 150, na ukiufuata ubishi wote unakuta unazunguka swali moja, la mama. Mama awepo au aondolewe?

William Gull, daktari wa London aliyekuwa akitibu hadi familia ya kifalme, ndiye aliyeupa ugonjwa jina hilo. Wagonjwa wake kawaandika kwa herufi tu. "Miss A" alikuwa na miaka 17 alipoletwa mwaka 1866, akiwa na kilo kama 37. Miaka miwili baadaye alikuwa na kilo 58, na Gull akachapisha picha zake mbili za kuchorwa, kabla na baada, zile zile ambazo leo kila mwalimu wa jimu anaweka mtandaoni kwa mpangilio wa kinyume. Hakuna anayejua A ilisimamia nini. Historia ya ugonjwa huu imejaa majina ya madaktari, na mabinti wote wamebaki herufi na namba.

Dawa ya Gull ilikuwa rahisi: joto, pamoja na mpira wa maji moto kulazwa mgongoni, chakula kidogo kila baada ya saa chache iwe mgonjwa anataka au hataki, na mtu mwenye msimamo wa kumsimamia. Halafu akaongeza lile lililodumu miaka mia: ndugu na jamaa, alisema, kwa kawaida ndio wauguzi wabaya kuliko wote.

Mwaka huo huo wa 1873 kule Paris, Charles Lasègue aliandika kuhusu wanawake wanane, naye alifanya kitu ambacho Gull hakukifanya: aliitazama familia mezani. Aliona ina silaha mbili tu, kubembeleza na kutisha, na kwamba zote mbili zikitumika sana zinageuka upepo. Kila siku chakula kizuri zaidi kinapikwa, binti anakataa. Kila siku sauti inapanda, binti anakataa. Mwisho nyumba nzima inaishi kwa kumtazama mtu mmoja asile. Mzazi yeyote wa Iramba aliyewahi kumchinjia kuku binti yake apate hamu, kisha kesho yake akashika fimbo, atadhani Lasègue alikuwa amekaa kwenye mkeka wake.

Mwenzake Jean-Martin Charcot akalimaliza kwa ukali. Binti wa miaka kama 14 aliletwa kutoka Angoulême akiwa hoi, na Charcot akawaamuru wazazi waondoke, au angalau wajifanye wameondoka mjini. Siku chache baadaye binti alianza kula. Alikuja kusema kwamba wazazi walipokuwa bado wapo, aliamini ugonjwa wake si kitu kikubwa. Kisa hicho kilipendwa mno. Kutenga mgonjwa na familia yake kukawa sheria ya hospitali kwa vizazi.

Karne ya 20 ilianza kwa kupotea njia. Mwaka 1914 daktari wa Hamburg alieleza wagonjwa waliokonda kwa sababu ya tezi iliyoharibika kichwani, na kwa miaka mingi wasichana wa anoreksia wakatibiwa kama wagonjwa wa tezi. Baadaye wakapewa dawa za usingizi na insulini. Miaka ya 1960 na 1970 ikaja mbinu ya wodi ya zawadi na adhabu: ukiongeza nusu kilo unaruhusiwa kutoka kitandani, ukiongeza nyingine unapata barua za nyumbani. Kilo zilipanda kweli. Binti anakula, anaruhusiwa, anafika nyumbani, anaacha. Hilde Bruch, daktari mzaliwa wa Ujerumani aliyewakimbia Wanazi na kuishia Houston, aliandika mwaka 1974 kuonya kwamba mbinu hiyo inampokonya mgonjwa kitu pekee alichokuwa anakitawala, na inaweza kumwacha hatarini kuliko alivyokuja.

Bruch ndiye aliyebadilisha mazungumzo yenyewe. Kabla yake, mtaalamu alikaa kitini na kumfasiria binti ndoto zake: unaogopa kukua, unaogopa mimba. Bruch aliona kwamba hiyo ni kumrudishia ugonjwa ule ule, mtu mwingine tena anamwambia wewe unahisi hivi. Alitaka mgonjwa asikilizwe mpaka aanze kujua mwenyewe lini ana njaa, lini ana hasira, lini amechoka. Kitabu chake cha 1978 kiliwafanya watu wa kawaida Marekani waujue ugonjwa huu, na miaka mitano baadaye, Februari 1983, mwimbaji wao maarufu wa kike, aliyekuwa pia mpiga ngoma, akafa nao akiwa na miaka 32. Baada ya hapo hakuna aliyesema tena ni utoto.

Kuna kipande kimoja cha historia hii ambacho hakikuwa na binti hata mmoja, na pengine ndicho kinachofundisha zaidi. Kati ya Novemba 1944 na mwisho wa 1945, chuo kikuu cha Minnesota kiliwachukua wanaume 36 wenye afya njema waliokataa kwenda vitani kwa ajili ya dhamiri, kikawalisha nusu ya walichohitaji kwa miezi sita, ili kujua namna ya kuwalisha watu wa Ulaya baada ya vita. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Wakaanza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kukata mkate vipande vidogo vidogo na kuuchezea saa nzima, kununa, kujitenga, kulia. Mmoja alijikata vidole. Hawa walikuwa vijana timamu, hawana tatizo na mama zao, hawajui kimodo ni nini. Yaani nusu ya tabia ambazo jirani anaziita jeuri, kiburi au mashetani ni njaa yenyewe inazungumza. Na ubongo wenye njaa hauwezi kuongeleshwa ukaelewa. Ndiyo maana leo karibu kila tiba, hata ibishane vipi na nyingine, inakubali kwamba uzito lazima upande wakati mazungumzo yanaendelea, si baada yake.

Sasa mama anarudi, ila kwanza alirudi kama mshtakiwa. Kule Philadelphia, Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina, aliita familia nzima kliniki na kuweka chakula cha mchana mezani mbele yake. Mwaka 1978 alitangaza kwamba kati ya wagonjwa 53, asilimia 86 walipona. Takwimu nzuri mno, lakini hakukuwa na kundi lingine la kulinganisha nalo. Na maelezo yake yaliwauma wazazi: familia hizi, alisema, zimebanana, zinalindana kupita kiasi, zinakwepa ugomvi. Kumbe kosa ni lenu.

Hospitali ya Maudsley ya London ilichukua meza ya Minuchin ikaacha lawama zake. Jaribio lao lilichapishwa 1987 na ndilo la kwanza kulinganisha tiba hizi kwa haki: wagonjwa 80 waliokwisha kurudishiwa uzito wodini waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wapate mwaka mmoja wa tiba ya familia, nusu mwaka mmoja wa mazungumzo ya mtu mmoja mmoja. Kwa wote kwa jumla, hakuna mshindi. Lakini kwenye kundi moja dogo, wagonjwa 21 walioanza kuugua kabla ya miaka 19 na wasiofikisha miaka mitatu ndani ya ugonjwa, tiba ya familia ilishinda waziwazi. Walipofuatwa tena miaka mitano baadaye, tofauti ilikuwa bado ipo. Wagonjwa 21 tu, na dunia nzima ya tiba ikageuka.

Namna yenyewe ni hii. Wazazi wanaambiwa mapema kwamba hawakusababisha ugonjwa. Ugonjwa unatenganishwa na mtoto: si yeye anayekataa, ni ugonjwa unaokataa kwa mdomo wake. Kisha kwa muda wazazi wanachukua mamlaka yote ya chakula. Wao wanaamua nini, kiasi gani, saa ngapi, na wanakaa naye mpaka kimalizike, bila matusi, bila hotuba, bila kubembeleza. Kwenye kikao cha pili familia inakuja na chakula na kula mbele ya mtaalamu, ambaye kazi yake ni kuwasaidia wazazi wapate tonge moja zaidi kuliko binti alivyopanga. Ndugu zake hawapewi upolisi, kazi yao ni kuwa ndugu, kumchekesha, kukaa naye baada ya kula. Uzito ukishapanda, mamlaka yanarudishwa kidogo kidogo, leo anajipakulia uji, wiki ijayo anakula shuleni bila kusindikizwa. Mwisho kabisa ndipo yanapozungumzwa mambo ya kawaida ya kukua.

Mwaka 2010 vituo viwili vya Marekani, Stanford na Chicago, vilipambanisha tiba hiyo na mazungumzo ya binti peke yake, kwa vijana 121 wa miaka 12 hadi 18. Siku ya kumaliza tiba, pengo kati yao halikutosha kutangaza mshindi. Baada ya mwaka mmoja lilikuwa wazi: asilimia 49 ya waliopitia familia walikuwa wamepona kabisa, upande wa pili asilimia 23. Ukitazama vizuri hiyo namba ya kwanza, bado ni nusu tu. Hii si dawa ya mseto.

Melbourne wakaongeza utundu mwaka 2016. Badala ya kuikusanya familia yote chumba kimoja, walikutana na wazazi peke yao, na binti akawa anaonana kwa muda mfupi na nesi wa kumpima uzito na kumwangalia hali. Mwisho wa tiba, asilimia 43 wa kundi hili walikuwa wamepona, dhidi ya 22 wa kikao cha pamoja, ingawa mbio zikiendelea mpaka mwaka mmoja tofauti ilififia. Wazazi upande mmoja, nesi na mizani upande mwingine. Hakuna chombo hapo ambacho hospitali ya Kiomboi au Makiungu haikijui.

Kwa watu wazima hadithi ni nyingine kabisa, na haichukui muda kuisimulia kwa sababu hakuna bingwa. New Zealand, 2005: wanawake 56, tiba tatu. Mbili zilikuwa za kitaalamu sana, ile ya kurekebisha fikra na tabia na ile ya mahusiano. Ya tatu iliwekwa kama ya kulinganishia tu: daktari anayekujali, anakueleza habari za chakula na mwili, anakutia moyo, anafuatilia uzito, na mnazungumza chochote unacholeta. Iliyoshinda ni hiyo ya tatu. Wataalamu waliguna. Walipowafuata miaka kadhaa baadaye, zote zilikuwa zimelingana. Ujerumani walikuja na jeshi zima, wanawake 242, matokeo yakatoka 2014: wote waliongeza uzito, hakuna tiba iliyoiacha nyingine mbali. Australia 2017, wagonjwa 120, mambo yale yale. Kwa mdada wa miaka 28 aliyeugua miaka kumi, swali la kuchagua tiba gani lina uzito mdogo kuliko swali la kama kuna mtu atakayekuwa naye wiki hii, na ijayo, na mwaka kesho.

Turudi Singida. Historia ya tiba ya akili hapa nchini nayo ilianza kwa kuwatoa watu nyumbani. Wajerumani walikuwa na Lutindi, milimani Usambara, kituo cha wamisionari kilichogeuzwa nyumba ya wagonjwa wa akili mwaka 1904. Waingereza wakajenga Mirembe, Dodoma, miaka ya 1920. Mirembe leo ni hospitali ya taifa yenye wataalamu, kilomita kama 240 tu kutoka Singida mjini kwa lami safi. Lakini jina lake limekuwa tusi. "Huyo wa Mirembe" watu husema wakimaanisha mtu asiyefaa kusikilizwa, na mama akiambiwa ampeleke binti yake huko anasikia kama amehukumiwa. Basi anazunguka: duka la dawa, zahanati, maombi, mganga, maombi tena. Kila kituo kinakula miezi. Na ile namba ya London ya miaka mitatu inahesabu huku yeye akizunguka.

Ubaya ni kwamba kinachoponya mapema hakiko Mirembe peke yake, kiko pia jikoni kwake. Ila si kila jikoni. Binti anayesoma mbali na kupanga chumba mtaani, anajipikia mwenyewe au hajipikii, nani anakaa naye mezani? Aliye bweni, anakula na mabinti mia mbili, matroni mmoja atamwona? Aliyeachwa kwa bibi huku wazazi wakitafuta maisha Dar au Mwanza, bibi anafahamu kwamba sweta lile si baridi? Msimu wa kilimo ukifika, wazazi wanatoka alfajiri na kurudi jua likizama, na sahani ya mchana inabaki kwenye kawa bila shahidi. Tiba ya Maudsley inadai mashahidi, mara tatu kwa siku na zaidi, kwa miezi.

Kuna pia hatari ambayo haingoji mjadala wowote wa tiba. Mgonjwa anayezimia, ambaye mapigo ya moyo yamekuwa ya polepole, aliyevimba miguu au ambaye hajala kitu cha maana kwa siku nyingi, anakwenda hospitali kwanza, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Makiungu, Iambi au Mtakatifu Gaspar Itigi, yoyote iliyo karibu. Asishindiliwe ugali na maziwa siku moja kwa furaha kwamba amekubali. Mwili uliozoea njaa ukijazwa ghafla unavuruga chumvi za damu, na moyo unaweza kusimama. Waliotoka kwenye kambi za mateka baada ya Vita ya Pili ya Dunia walikufa hivyo, mbele ya sahani zilizojaa. Kiasi cha kuanzia kinapangwa na daktari, damu ikipimwa.

Hilo likishapita, kuna kitu ambacho watafiti wa London na Stanford walilazimika kukijenga kwa shida, na Singida wanakipata bure. Familia waliyoifahamu wao ni baba, mama na watoto wawili. Baba akisafiri kikazi na mama akichoka, meza imebaki tupu. Hapa kuna bibi, kuna shangazi yule wa stendi, kuna mama mkubwa nyumba ya tatu, kuna dada aliyeolewa Puma anayeweza kuja mwezi mzima. Zamu inapangika: fulani uji wa asubuhi, fulani mchana wakati wa palizi, mama usiku, na kila Jumatatu zahanati kwenye mizani. Sharti ni wote waseme neno moja. Shangazi mmoja akimficha kwa huruma, "mwacheni mtoto, atakula kesho", au mjomba mmoja akileta fimbo, wamerudi kwa Lasègue, kubembeleza na kutisha.

Inahitaji kikao, basi. Kule London mtaalamu hulazimika kuwaita wanafamilia wakutane. Singida kikao cha ukoo huitishwa hata mbuzi wa jirani akila alizeti.